Mtihani wa nadharia ya udereva: mbona ulichosoma jana kinapotea mbele ya mtahini?

Ukiingia katika shule ya udereva nchini Kenya, kuna uwezekano mkubwa utaona meza kubwa iliyochorwa mji. Barabara nyeusi, mistari myeupe na ya manjano, raundabauti, reli, shule, hospitali, mahali pa kuegesha magari. Huo ndio mji wa mfano, ama "modeli tauni" kwa lugha ya wanafunzi wenyewe. Mwanagenzi anapewa kigari cha kuchezea na kuambiwa, "Toa gari hapa, lipeleke hospitalini." Anakisukuma kwa mkono huku akieleza kila hatua: naangalia kioo, nawasha indiketa, naingia leni hii, napisha wanaotoka kulia. Mtahini anamuuliza pia alama za barabarani na sheria. Hapo ndipo nadharia inapopimwa, kabla ya kuketi nyuma ya usukani wa gari la kweli.

Kwa anayetazama kutoka kando, ni kama mchezo wa watoto. Kwa aliye na kigari mkononi, wee, si mchezo hata kidogo. Watu wazima wenye digrii zao husimama mbele ya meza hiyo na kusahau kushoto ni wapi. Jana jioni walijua kila kitu. Kitabu cha sheria za barabarani wamekisoma mara tatu, mara nne. Leo mtahini ananyoosha kidole kwenye alama moja na kichwa ni kitupu kama debe.

Kawaida tunasema ni woga. Woga upo, sikatai. Lakini sayansi ya kumbukumbu ina maelezo mengine yenye uzito zaidi: namna wengi wetu tunavyosoma hutufundisha kutambua kitu tukikiona, ilhali mtahini anatutaka tukitoe kichwani bila msaada. Hizo ni kazi mbili tofauti. Mifano ya sheria hapa ni ya Kenya kwa sababu ya ile meza, ila mbinu zenyewe zinamfaa yeyote anayejiandaa, hata kama mtihani wake ni wa kujibu kwenye kompyuta.

Kutambua na kukumbuka

Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walichapisha jaribio ambalo kila mwanafunzi angepaswa kulijua. Waliwapa wanafunzi vifungu vifupi vya kisayansi. Kundi moja lilipewa vipindi vinne vya kusoma tu, kusoma na kurudia. Kundi jingine lilisoma katika kipindi kimoja, kisha vipindi vitatu vilivyobaki likawa linafunga kifungu na kuandika kwenye karatasi tupu kila kitu lilichokumbuka. Halikuonyeshwa majibu sahihi.

Walipopimwa dakika tano baadaye, waliosoma tu ndio waliong'ara: walikumbuka asilimia 83 ya kifungu, na wale waliojijaribu asilimia 71. Ukiishia hapo utasema kurudia kusoma ndiyo njia. Lakini wengine walipimwa baada ya wiki moja, na mambo yakapinduka. Waliosoma tu walibaki na asilimia 40. Waliojijaribu, asilimia 61. Na kumbuka waliosoma tu walikuwa wamekipitia kifungu kile zaidi ya mara 14 kwa wastani, wenzao mara tatu na kidogo.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba wanafunzi walipoulizwa watakumbuka kiasi gani baada ya wiki, waliosoma tu ndio waliojiamini zaidi.

Kwa nini iwe hivyo? Kila ukisoma tena ukurasa uleule, macho yanateleza kwa urahisi zaidi. Ubongo unauchukua ule wepesi kuwa ni ujuzi. Chukua alama ya pembetatu iliyopinduliwa, ncha ikitazama chini. Kitabuni, maelezo yako pale pale chini yake: simama ikibidi, wape wengine njia. Unatikisa kichwa, "hiyo naijua." Kweli unaijua, lakini ikiwa na maelezo yake kando. Kwenye mtihani maelezo hayapo, na barabarani pia hayapo.

Mwaka 2013, kundi la wanasaikolojia likiongozwa na John Dunlosky lilipitia utafiti uliokuwapo kuhusu mbinu kumi za kusoma. Kupiga mistari kwa kalamu ya rangi na kusoma tena viliwekwa katika kundi la chini la manufaa. Mbili tu ziliwekwa katika kundi la juu: kujijaribu, na kutawanya vipindi vya kusoma. Kwa hivyo ile hailaita ya manjano uliyonunua kwa ajili ya kitabu cha barabarani, mwachie mdogo wako achoree.

Namna ya kujijaribu si ngumu. Kata karatasi ya manila vipande vidogo. Upande mmoja chora alama, upande wa pili andika maana yake na kile ambacho dereva anatakiwa kufanya. Hilo la pili usiliruke. Watahini hupenda kuuliza, "Ukiiona hii utafanya nini?" na wengi hujibu jina la alama tu. Kwa upande wa sheria, andika swali: nani ana haki ya kupita kwanza kwenye raundabauti? Mwendo wa juu kabisa mjini ni kilomita ngapi kwa saa? Toa jibu kwa sauti kabla ya kugeuza kadi. Kwa sauti, tafadhali, kwa sababu kichwani tuna tabia ya kujisamehe: jibu likiwa nusu tunajihesabia alama kamili.

Jambo jingine dogo ambalo halijulikani sana ni kwamba inafaa kujaribu kujibu hata kabla hujasoma. Utafiti wa Lindsey Richland na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kuwa watu waliokisia majibu kwanza, wakakosea, kisha wakasoma, walikumbuka zaidi kuliko waliopewa muda wa ziada wa kusoma tu. Kwa hivyo siku ya kwanza unapopata kitabu, usianze ukurasa wa kwanza. Fungua penye alama, funika maelezo kwa karatasi, kisia. Utachekesha, lakini hakuna anayekuona. Muhimu tu ni kwamba ukishakisia, uangalie jibu la kweli, usiondoke na la kwako.

Kukremu usiku mmoja

Hermann Ebbinghaus alikuwa Mjerumani aliyejifanya mwenyewe kuwa panya wa maabara. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, akasubiri, kisha akapima ni muda kiasi gani angeokoa akizijifunza upya. Kitabu chake cha mwaka 1885 kina matokeo ambayo mpaka leo yanafundishwa: kumbukumbu huporomoka kwa kasi saa za mwanzo, halafu hutulia. Baada ya saa moja tu, zaidi ya nusu ya ile faida ilikuwa imekwenda. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Uholanzi, Jaap Murre na Joeri Dros, walirudia jaribio lake na kupata matokeo yanayofanana sana na yale.

Alama za barabarani zina maana, kwa hivyo hazipotei haraka kama silabi za Ebbinghaus. Lakini umbo la mporomoko ni lilelile, na dawa yake inajulikana: rudia pale unapoanza kusahau, si pale ambapo bado ni moto. Ukirudia kadi mara kumi jioni moja, mara ya tano hadi ya kumi ni kama kujaza maji kwenye ndoo iliyojaa. Ukiigawa kazi hiyo hiyo katika siku kadhaa, kila mara unalazimika kulitafuta jibu kichwani, na kule kutafuta ndiko kunakoliimarisha. Utafiti mmoja mkubwa wa Nicholas Cepeda na wenzake, wa mwaka 2008, uliohusisha zaidi ya watu 1,350, ulionyesha pia kwamba kadiri unavyotaka kukumbuka kwa muda mrefu, ndivyo nafasi kati ya vipindi inavyopaswa kurefuka.

Kuna mwandishi Mjerumani, Sebastian Leitner, aliyeyafanya haya kuwa mchezo wa masanduku katika miaka ya 1970. Unahitaji maboksi matatu, hata ya viatu. Kadi zote zinaanza boksi la kwanza, ambalo unalipitia kila siku. Ukijibu sawa, kadi inahamia boksi la pili, unaliangalia kila baada ya siku tatu. Ukijibu sawa tena inakwenda la tatu, mara moja kwa wiki. Ukikosea, haijalishi iko wapi, inarudi la kwanza. Baada ya wiki mbili utaona boksi la kwanza lina kadi zilezile sugu, na hizo ndizo zinazostahili muda wako. Alama ya kusimama imeshakwenda zake, haina haja ya kukusumbua.

Changanya kadi pia. Vitabu hupanga alama kwa makundi: za onyo pamoja, za katazo pamoja, za amri pamoja. Ukizisoma kwa mpangilio huo, unajua jibu ni la aina gani kabla hata hujaitazama alama. Nate Kornell na Robert Bjork walilijaribu jambo hili mwaka 2008 kwa kutumia picha za wachoraji. Watu waliooneshwa picha za wachoraji mbalimbali zikiwa zimechanganywa walijifunza kutofautisha mitindo vizuri kuliko waliooneshwa mchoraji mmoja baada ya mwingine. Wengi wao, kama kawaida, walidhani kinyume.

Ukichanganya kadi utalazimika kuona kile ambacho waliobuni alama walitaka uone, yaani umbo na rangi vinasema kabla ya picha. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inakuonya kuna kitu mbele. Duara lenye ukingo mwekundu linakukataza. Duara la buluu linakuamuru. Alama ya kusimama ina pembe nane, na ile ya kupisha ni pembetatu iliyopinduliwa, na hakuna alama nyingine zenye maumbo hayo. Faida yake ni kwamba unaweza kuzitambua hata zikiwa zimejaa vumbi, au hata ukiziona kwa nyuma. Hili la mwisho lina maana kubwa kuliko linavyosikika: ukiiona kwa nyuma, unajua yule anayekuja upande wa pili ndiye anayetakiwa kusimama.

Kigari kikielekea kwako

Sasa turudi mezani, maana mji wa mfano una shida yake ambayo kadi haziwezi kuitibu.

Weka kigari kikielekea mbele, mbali nawe. Kushoto kwake ni kushoto kwako. Hakuna tabu. Kigeuze kielekee kwako. Kushoto kwake sasa ni kulia kwako. Mwambie mtu akate kona ya kushoto haraka haraka na atakwenda kulia, kisha ataingia leni ya magari yanayokuja, na mtahini ataandika kitu kwenye karatasi yake. Sisi huku tunaendesha upande wa kushoto, kwa hivyo kosa hilo moja linabomoa safari yote.

Mwaka 1971 Roger Shepard na Jacqueline Metzler walichapisha katika jarida la Science jaribio ambalo linaeleza hasa kinachotokea. Waliwaonyesha watu jozi za michoro ya vitu vilivyoundwa kwa vitofali, kimoja kikiwa kimezungushwa, wakauliza: je, ni kitu kimoja? Muda wa kujibu uliongezeka sawia na pembe ya mzunguko. Kikiwa hakijazungushwa, kama sekunde moja. Kikiwa kimezungushwa nusu duara, sekunde nne na zaidi. Ni kana kwamba ubongo unakizungusha kitu chenyewe kidogo kidogo kama mtu anayegeuza sufuria jikoni, kwa kasi ya takribani nyuzi 60 kwa sekunde.

Kwa hivyo mwanagenzi anayekwama kigari kikimwelekea huenda sheria anaijua vizuri kabisa. Ubongo wake bado uko njiani, unazungusha, na yeye ameshaanza kusukuma kwa sababu anaona aibu kunyamaza. Nyamaza tu. Sekunde tatu mbele ya mtahini unaziona kama nusu saa, lakini yeye hata hazihesabu.

Mazoezi ya hili ni ya mwili zaidi. Wengi hufanya mazoezi ya meza wakiwa wamesimama upande mmoja kila siku, na siku ya mtihani wanajikuta upande wa pili kwa sababu watu wamejaa. Zunguka meza. Fanya safari ileile ukiwa pande zote nne. Kama shule yako haina nafasi, chora raundabauti kwenye katoni nyumbani, tumia kifuniko cha soda kama gari, kiweke alama ya mbele, na mwite ndugu au jirani akupe safari. Mwambie achague zile ambazo gari linakuja upande wako. Inasaidia pia kujiinamisha kidogo kichwa upande wa gari, au kushika usukani wa hewani. Unaonekana kichekesho, lakini unaupunguzia ubongo kazi ya kuzungusha.

Kwenye raundabauti, nenda na swali moja kichwani: natokea wapi? Leni unaichagua kabla ya kuingia, kulingana na njia ya kutokea. Kama kuna leni tatu, anayetoka njia ya kwanza kushoto anashika ya kushoto, anayenyoosha ya katikati, anayekata kulia ya kulia. Walio ndani wanaotokea kulia kwako ndio wenye haki. Watanzania huiita raundabauti "kipilefti", jina lililotokana na maneno ya Kiingereza ya kumwambia dereva ashike kushoto, na kwa kweli jina hilo ni somo zima la nadharia katika neno moja.

Namba ambazo hufai kuzikariri

Kuna sehemu ya nadharia ambayo kadi zinaweza hata kuidhuru: umbali wa kusimama. Watu hukariri orodha ya mita kwa kila mwendo, wanaitema kwenye mtihani, na baada ya mwezi imepotea yote. Hii nitakaa nayo kidogo, kwa sababu fizikia yake inaingia kwenye akili ya mtu yeyote aliyewahi kukimbilia matatu na kushindwa kujizuia.

Gari halisimami pale unapoona hatari. Kwanza jicho lione, ubongo uamue, mguu uhame kutoka kwenye mafuta hadi kwenye breki. Tuseme sekunde moja na nusu kwa dereva aliye macho. Wahandisi wa barabara hutumia hata sekunde mbili na nusu wanapopima kona na vilima, kwa sababu wanamfikiria pia aliyechoka na aliyezeeka. Katika muda huo gari linakwenda kwa mwendo uleule. Kisha breki zinashika, na sasa kazi ni kuondoa nishati mwendo yote ya gari kwa msuguano. Nishati hiyo haikui sawia na mwendo, bali na mraba wake. Ukizidisha mwendo mara mbili, breki zinahitaji umbali mara nne.

Tuhesabu. Lami kavu, tairi nzuri, gari linapunguza mwendo kwa mita 7 kwa sekunde kila sekunde. Kwa kilomita 50 kwa saa, unakwenda kama mita 14 kila sekunde: mita 21 zinapotea kabla hujagusa breki, na nyingine 14 za kusimama. Jumla 35. Kwa kilomita 100, mita 42 zinapotea kabla ya breki na 55 baada yake. Jumla 97, karibu urefu wa uwanja wa mpira. Kwa kilomita 80, ambacho ndicho kiwango cha vidhibiti mwendo vya matatu tangu kanuni za mwaka 2003 za enzi za waziri John Michuki, jumla ni mita 69.

Namba hizo usizikariri. Kumbuka sehemu mbili tu: ya kwanza inakua pamoja na mwendo, ya pili kwa mraba. Nyingine utazipata mwenyewe.

Sasa fikiria kituo cha biashara kando ya barabara kuu, mahali ambapo sheria ya Kenya inasema kilomita 50. Mtoto anashuka barabarani mita 35 mbele yako. Ukiwa kwenye 50, unasimama mbele ya miguu yake, roho mkononi, lakini unasimama. Mwenzako anakuja na 60. Kumi tu zaidi, nani asiyefanya hivyo? Mita 25 zinamwishia kabla ya breki, anabakiwa na 10. Anapofika pale mtoto alipo bado anakwenda kilomita 42 kwa saa. Wa tatu anakuja na 80. Mita 33 zimekwenda kabla mguu haujafika kwenye breki. Anamfikia mtoto akiwa na kilomita 78 kwa saa, yaani breki zake hazijafanya lolote la maana.

Rudia hesabu hiyo kwenye karatasi kama huniamini, mimi pia niliirudia. Wengi hudhani kwamba anayekuja na 60 angemgusa mtoto "kidogo tu", kwa sababu tofauti ni kumi. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kupunguza mwendo hutokea katika mita za mwisho kabisa, na hizo ndizo anazozikosa.

Mvua ikinyesha msuguano unaweza kushuka hadi nusu. Umbali wa breki unakuwa mara mbili, wa kuitikia unabaki ule ule: kwa 80 unahitaji zaidi ya mita 100. Ukichungulia simu kwa sekunde mbili kwenye mwendo huo, umesafiri mita 44 ukiwa kipofu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na walio juu ya pikipiki. Yule mtoto wa mita 35 yumo humo.

Kutokana na fizikia hiyo unaelewa pia kwa nini walimu husema uache sekunde mbili nyuma ya gari la mbele badala ya kutaja mita. Chagua nguzo ya stima. Gari la mbele likiipita, hesabu "mia moja na moja, mia moja na mbili." Ukifika kwenye nguzo kabla ya kumaliza, umekaribia mno. Mwendo ukipanda, sekunde mbili zinakuwa mita nyingi zaidi zenyewe, bila wewe kukokotoa. Mvua ikija, zifanye nne. Mtahini akikuuliza, mpe kanuni, kisha mpe sababu. Kujiuliza "kwa nini" ni mbinu ambayo ile tathmini ya Dunlosky iliipa daraja la kati, si la juu, lakini kwa mambo yenye mantiki kama haya mimi naiamini kuliko kadi.

Na kama mtihani ni kesho kutwa?

Najua wapo wanaosoma haya wakiwa na siku mbili. Basi tuseme ukweli: huna muda wa boksi la tatu. Lakini siku mbili si siku moja, zitumie kama mbili. Leo jikisie alama zote mara moja ukiwa umefunika maelezo, na utenge zile ulizokosa. Pengine ni thelathini, pengine kumi na tano. Hizo tu ndizo kadi zako. Zipitie mchana, uache, uzipitie tena usiku zikiwa zimechanganywa. Nenda shuleni ukaombe nusu saa ya meza, na uitumie yote ukiwa upande usiouzoea.

Usiku wa kuamkia mtihani, lala. Tangu jaribio la John Jenkins na Karl Dallenbach la mwaka 1924 tunajua kwamba watu husahau kidogo zaidi wakilala baada ya kujifunza kuliko wakikaa macho kwa muda huohuo, na tafiti nyingi zilizofuata zimeunga mkono. Ile saa ya mwisho ya kukodolea macho ukurasa saa nane za usiku inakupa hisia ya kujua, na sasa unajua hisia hiyo ina thamani gani. Asubuhi, ukiwa kwenye foleni, usifungue kitabu. Mgeukie mwenzako aliyeshika kitabu chake kwa mikono miwili na umwambie akuulize.